Hapana, maabara si njia ya kwendea udaktari

Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, simu yangu haitulii. Mzee ataanza na salamu ndefu, ataulizia watoto, atapita kwenye bei ya karafuu, kisha ndiyo atoe lililomleta: "Dokta, kijana wangu matokeo hayakuwa mazuri sana, lakini biolojia na kemia kapasi. Mtafutie hata maabara tu, akimaliza aunganishe udaktari."

Hata maabara tu! Mimi mwenyewe si dokta, nimekaa kwenye darubini hapa Pemba miaka yote hii, na bado naitwa dokta kwa sababu ya koti jeupe. Leo naandika, na atakayenipigia tena nitamtumia haya ayasome.

Mambo mepesi kwanza. Kozi hizi za vyuo vya afya zinakwenda kwa ngazi: ya 4 mwaka wa kwanza, ya 5 wa pili, ya 6 wa tatu, na hiyo ya 6 ndiyo stashahada. Sifa za kuingia zimo kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, msome wenyewe. Hiyo "kozi fupi" mnayoisema, basi, ni miaka mitatu.

Sasa kinachonikera. Watu wanadhani afya ni chumba kimoja, ukishaingia unajichagulia pa kukaa. Sivyo. Kada, yaani fani yako, unaichagua siku ya kujaza fomu. Mwaka wa kwanza ndio unaodanganya, maana kila mtu anasoma anatomia na fiziolojia, wa uuguzi, wa famasia na wa maabara, na kijana anajiona yumo njiani kuelekea popote. Ukipanda gari ya 606 ya Wete pale Chake huteremki Mkoani, hata kama gari zote zimeondoka stendi moja. Mwenye stashahada anayetaka udaktari wa shahada, vyuo vikuu vyetu kwa kawaida vinamtaka awe na stashahada ya utabibu (Clinical Medicine), tena yenye wastani (GPA) wa 3.0 au zaidi. Ya maabara inakupeleka kwenye shahada ya sayansi za maabara. Njia nzuri tu, ila sijawahi kupigiwa simu na mzazi anayeitaka.

Halafu kuna hisabati. Kijana ana F ya hisabati kidato cha nne, anaambiwa "haina neno, chuo wamekuchukua." Kweli wamemchukua. Anamaliza utabibu kwa alama za kupendeza, anaomba udaktari, na hapo ndipo wanapoyafungua tena matokeo ya skuli: fizikia ngapi, Kiingereza ngapi, hisabati ngapi. Mtu mzima anarudi kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, pamoja na watoto wa jirani. Kama ndoto ni udaktari, irekebisheni hiyo F mapema.

Na maabara yenyewe ni kitu gani? Chukua kichocho, ugonjwa wetu. Mkojo tunautaka wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya minyoo yake yanatoka kwa wingi. Unautikisa kikoponi, unavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, unausukuma kwenye kichujio, unakilaza juu ya kioo, tone la iodini, kisha unatafuta yai lenye mwiba mmoja nchani. Hamna. Kikopo kinachofuata. Hamna. Wanafunzi wa skuli nzima wameleta vikopo, na cha mwisho kinastahili macho yale yale ya cha kwanza. Wapo wanaoipenda kazi hii kwa dhati. Wapo waliofikia mwaka wa tatu ndipo wakagundua kwamba walichokuwa wanakitaka ni kuzungumza na wagonjwa, na hao uuguzi ungewafaa mno.

Kuna jambo halinikai sawa, na vitabuni hamtaliona. Tunawafundisha vijana kwa saa nyingi kusoma malaria kwenye darubini, na Zanzibar maambukizi yamekaa chini ya asilimia 1 kwa zaidi ya miaka kumi. Wengi wanahitimu vimelea wameviona zaidi kwenye vioo vya kufundishia. Jicho lisilokutana na kitu hukisahau. Tupunguze saa hizo? Naogopa. Tuziache? Sina hakika.

Usajili, kwa haraka: afya si jambo la Muungano, kwa hiyo anayepanga kuvuka kwenda kufanya kazi bara aulizie mapema mabaraza ya huko yanayosajili watu wa afya. Ajira nazo hazimsubiri mtu mlangoni. Wengi wanaanza kwa kujitolea, na nauli wanatoa mfukoni mwao.

Kwa hiyo, mzee wangu, kabla ya fomu mlete kijana. Nitamuombea ruhusa kwa mkuu wa kitengo, akae nasi wiki moja, kisha aende wodini, kisha famasi. Aje Jumatatu saa moja na nusu, foleni ikiwa imetoka nje. Avae viatu vya kufunika miguu, ndala haziingii maabara. Na wewe ubaki nyumbani, maana ukiwepo hatosema ukweli.