Hedirumu: nafasi ya juu unayoiachia sauti

Hedirumu ni nafasi iliyobaki kati ya kilele cha sauti yako na dari ya mfumo wa kidijitali. Dari yenyewe ni sifuri. Mita ya programu ya kurekodi huhesabu kwenda chini kutoka hapo: -6, -12, -18, mpaka ukimya. Ala ikigonga kilele cha -10, una hedirumu ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na ndizo namba za mita). Ikitaka kuvuka sifuri, kadi ya sauti haina namba ya kuiandikia, hivyo ncha ya wimbi hukatwa ikawa bapa. Ukisikiliza unapata mkwaruzo.

Kwa anayerekodi nyumbani Bagamoyo, mji wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) na wapiga ngoma wake, jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa kinanda na kompyuta tu. Ngoma ina kishindo kifupi mno mwanzoni mwa pigo, kisha mwili wa sauti unaofifia. Sikio hupima zaidi ule mwili. Mita ya kilele huona kishindo. Ndiyo maana chapuo, ngoma ndogo, inaweza kusikika ya wastani huku kilele chake kimeshalipita gitaa la bezi linalojaza chumba kizima. Tena mpigaji akiombwa ajaribu kidogo, hupiga kwa adabu. Ngoma ikikolea, waitikiaji wakapokea, mkono unapanda wala hana habari na mita yako. Basi mwambie apige kile kipande chenye moto kuliko vyote, upange geni (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) hapo, vilele viishie karibu na -12. Wakati wa kurekodi vikiruka hadi -6, bado uko salama.

Wapo wanaoona -12 ni kupoteza sauti. Hofu hiyo ni urithi wa enzi za tepu, ambapo ukirekodi chini mno mvumo wa utepe ulisikika. Kidijitali, kila biti, yaani tarakimu moja ya 0 au 1 katika namba inayoandika sauti, hukupa takriban desibeli 6 za nafasi kati ya kelele za mfumo na dari: biti 16 zinafika 96, biti 24 zinafika 144 kwa hesabu. Rekodi kwa biti 24. Feni ya chumbani na bodaboda za nje zitakukera kabla ya kelele za mfumo wenyewe.

Kwenye kumiksi, traki hujumlishana kwenye masta, njia ya mwisho zinapokutana zote. Nakala mbili za sauti ileile kwa kiwango kimoja huipandisha masta desibeli 6. Sauti tofauti zenye nguvu sawa, tuseme marimba na kayamba, huipandisha karibu 3. Kwa hiyo traki zote zinaweza kuwa kijani na masta ikawa nyekundu. Zishike feda zote, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha kila traki, uzishushe pamoja. Binafsi naona taa nyekundu ya traki moja moja inaogopwa kupita kiasi: programu nyingi za leo hukokotoa kwa biti 32 za desimali inayoelea, na sauti iliyovuka humo ndani hurudi nzima ukivuta feda, isipokuwa plagini (programu ndogo za kuongezea) zinazoiga mitambo ya zamani, ambazo hubadilika tabia zikilishwa sauti kali. Sauti iliyopasukia kwenye kadi wakati wa kurekodi ndiyo msiba. Ukiishusha, inashuka na mkwaruzo wake.

Ukimpelekea mtu wa kumasta, yaani wa kuukamilisha wimbo baada ya kumiksi, ondoa limita (kifaa kinachobana vilele visivuke kikomo) kwenye masta, mpe faili la wav ya biti 24 yenye kilele cha -6 hivi. Kushindana kwa ukali hakulipi siku hizi. Spotify husawazisha nyimbo kuelekea LUFS -14 (LUFS hupima ukali wa wimbo kama sikio linavyousikia, si kilele). Uliobanwa hadi -8 utashushwa tu, na kishindo cha chapuo kilichopondwa na limita hakirudi.