Je, Wajua? Vikorokoro vya Amplifaya ya Valvu: Kipi Husikika na Kipi ni Pambo

Watu huuliza kama vikorokoro vidogo hubadilisha sauti ya amplifaya ya valvu, ile inayokuza sauti kwa chupa za kioo zinazopashwa moto. Chukua hedifoni zenye plagi nyembamba, zichomeke kwenye adapta ya kuingilia tundu nene la amplifaya, kisha weka taarabu. Adapta hiyo ikiwa imeingia kutu mahali pamoja tu, pale umeme wa masikio yote mawili unaporudia, mwimbaji hutoweka. Fidla iliyo upande wa kushoto utaisikia, ngoma ya kulia utaisikia, hata mwangwi wa ukumbi utausikia. Mwenye kuimba hayupo.

Hii si hadithi ya barazani. Waya wa marejeo ukikosa kugusa, spika mbili za hedifoni hujikuta zimeungwa moja nyuma ya nyingine, na kinachopita ndani yake ni ile tofauti tu baina ya kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili hujifuta chenyewe, na mwimbaji karibu kila mara huwekwa katikati, yaani sawa pande zote. Santuri za stereo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Za kabla ya hapo ni mono, yaani sauti ileile pande zote mbili. Kwa hiyo rekodi alizofanya Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 hazimpotezi mwimbaji peke yake kwenye adapta kama hiyo. Hupotea karibu nzima nzima.

Anayeuliza basi kama vikorokoro vidogo vinabadilisha sauti ya amplifaya ya valvu, jibu la kwanza ni ndiyo, tena vinaweza kuibadilisha vibaya sana. Lakini wauzaji hawahangaiki kunadi adapta ya bei ya kikombe cha chai. Wanachonadi ni pete za kuvisha valvu, vijiguu vya kuwekea amplifaya, fyuzi za fedha, na nyaya za umeme nene kama kamba ya nanga. Hapa Malindi wenye amplifaya hizi si wengi, ila wapo, na kila mmoja ana droo yake ya vikorokoro. Mimi huvipima kwa swali moja: kitu hiki kinagusa nini? Kama kinagusa mtikisiko, mguso wa pini, joto, au njia ya umeme kwenda sikioni, nitakisikiliza. Kama hakigusi chochote, mwenye nacho anasikiliza risiti yake.

Tuanze na pete, maana ndiyo inayobishaniwa zaidi. Ni pete ya silikoni au chuma inayovishwa kiunoni mwa valvu, na inasemekana hutuliza sauti. Ili kujua kama ni kweli, sharti uchungulie ndani ya kioo. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitoa valvu ya kwanza mwaka 1904, yenye kathodi inayopashwa moto na anodi inayopokea elektroni. Miaka miwili baadaye Lee de Forest, Mmarekani, akatia kitu cha tatu katikati: waya mwembamba, gridi, unaoamua elektroni ngapi zipite. Hapo ndipo valvu ikaweza kukuza sauti, na hapo hapo ndipo ubishi wa pete ulipozaliwa.

Nafasi baina ya gridi na kathodi ni sehemu ndogo tu ya milimita. Ukiitikisa valvu, gridi hucheza, nafasi hubadilika, na elektroni zinazopita huongezeka au hupungua ingawa muziki haujasema neno. Valvu imegeuka kuwa maikrofoni, tena maikrofoni mbovu isiyosikia kitu ila mitikisiko yake yenyewe. Igonge kidogo kwa upande wa mbao wa penseli, hedifoni zikiwa mezani wala si masikioni, na utasikia mlio wa kengele. Pete huongeza uzito kwenye kioo na kufyonza mtikisiko, kengele ikanyamaza mapema. Fizikia yake haina kasoro.

Kasoro ni kwamba watu wengi huivisha valvu isiyohusika. Amplifaya nyingi za hedifoni zina valvu ndogo ya kuanzia, mfano 6SN7, na valvu kubwa ya kutolea, mfano 6080. Ile ndogo ina uwezo wa kukuza mara 20 hivi, na mtikisiko wowote unaoingia pale hupitishwa mbele pamoja na muziki. Ile kubwa ina uwezo wa kukuza mara 2 tu. Sasa, kwa sababu kubwa ndiyo inayopendeza machoni, ndiyo inayowaka na kuonekana kwenye picha, watu huivalisha yeye pete mbili mbili, mdogo akaachwa uchi. Zaidi ya hayo, 6080 hula volti 6.3 kwa ampea 2.5 kupasha kathodi pekee, karibu wati 16, kabla hujahesabu joto la anodi. Pete ya silikoni nzuri huhimili nyuzi 200 hivi. Oringi ya mpira wa kawaida, ile ya kununua kwa fundi wa pikipiki, hukauka, hupasuka na kunuka nyumba nzima.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa pete hatalitaja. Sifa nyingi za pete zimetoka kwa watu wa spika kubwa na magita ya umeme. Huko spika zenyewe huitikisa valvu, valvu hutoa mlio, mlio hurudi kwenye spika, duara halikatiki. Mwenye hedifoni hana duara hilo. Chumba kimya, muziki umo masikioni tu. Kinachobaki kutikisa ni transfoma ya amplifaya yenyewe, ambayo kwa umeme wetu wa hezi 50 hutetemeka kwa hezi 100, kidole chako kinapozungusha kitufe cha sauti, na feni. Feni ndiyo ya Malindi hasa. Ukiiweka feni ya mezani meza moja na amplifaya, pete itakusaidia, na kipande cha mpira chini ya miguu ya amplifaya kitakusaidia zaidi, na kuihamisha feni kwenye stuli kutakusaidia kuliko vyote bila kutoa senti. Pangaboi la darini mara nyingi halina neno. Ila usije ukakunja kanga chini ya amplifaya ukidhani umeituliza; matundu ya kupumulia yako huko chini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huku pwani nadhani lina uzito kuliko pete zote: chumvi.

Aliyekaa Shela au nyumba yoyote inayoitazama bahari anajua msimu wa kusi unavyofanya. Mawimbi yanavunjika, ukungu wa maji ya chumvi unapanda na upepo, na baada ya muda bawaba za dirisha zinaanza kulia. Upepo huo huo unaingia kwenye soketi za valvu. Pini ya valvu na kibano cha soketi hugusana mahali padogo sana, na utando wa kutu mwembamba usioonekana kwa macho unatosha kuleta mikwaruzo, sauti inayokuja na kuondoka, au sikio moja kuwa dogo kuliko jingine. Mtu husema valvu imekufa, akaagiza nyingine kutoka ng'ambo, akaichomeka, sauti ikarudi, akasifu valvu mpya. Kumbe kilichoponya ni kule kuchomoa na kuchomeka, pini zikajikwangua zenyewe.

Ndiyo maana chupa ya spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme na kibrashi kidogo ndivyo vikorokoro ninavyovitetea bila haya. Zima, chomoa waya ukutani, acha ipoe, futa pini, ingiza na utoe valvu mara mbili tatu taratibu. Msasa usitumie, unaondoa ule mpako unaozuia kutu. Na usifungue sanduku la chini kama hujui unachokigusa: kapasita za amplifaya ya valvu huweza kushika mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na hazijali kwamba ulitaka kusafisha tu.

Hapo pia ndipo penye hila ya dhahabu. Zinauzwa soketi za nyongeza zilizopakwa dhahabu, unaichomeka moja juu ya soketi ya asili kisha valvu juu yake. Dhahabu yenyewe hailiwi na kutu, hilo kweli. Lakini dhahabu ikikutana na bati katika hewa yenye unyevu na chumvi, bati ndiyo inayoliwa, tena kwa haraka kuliko ingekuwa bati kwa bati. Juu ya hapo umeongeza mguso mwingine kwa kila pini, na valvu imekaa juu zaidi inayumba. Kwa mtu wa Nairobi aliye mbali na bahari huenda isimdhuru. Kwa mtu wa huku, mimi ningemwambia aache. Valvu zake za akiba aziweke kwenye mkebe unaofunga, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu.

Kuhusu waya wa umeme sitasema mengi. Kijana mmoja alimletea fundi wa redio mjini waya wa bei kubwa, akaamkia, kisha akauliza:

"Mzee, huu si utasafisha umeme?"

"Marahaba, mwanangu. Umeme umetoka mitamboni kule Rabai, umepita nguzo zote mpaka hapa, kisha uje usafishwe na mita moja ya mwisho?"

Na ni kweli. Ndani ya amplifaya, umeme hupita transfoma, ukanyooshwa, ukachujwa na kapasita kabla ya kufika kwenye valvu. Fyuzi vivyo hivyo: kazi yake ni kukatika wakati wake, basi iwe ya kiwango kilichoandikwa, wala usiizungushie waya. Kinachosikika kwenye umeme ni kushuka kwa volti. Umeme wa ukutani ukianguka kutoka volti 240 hadi 200, ile 6.3 ya kupasha kathodi inakuwa 5.25, ilhali valvu nyingi huvumilia asilimia 10 tu juu au chini. Kathodi ikipoa, elektroni huadimika na sauti hupoteza nguvu. Mwenye mtaa wa namna hiyo anunue stabilaiza, ambayo dukani hukaa karibu na friji wala haina sanduku la kupendeza.

Kuna kikorokoro kimoja kidogo kabisa ambacho hubadilisha sauti kwa hesabu unayoweza kuiandika nyuma ya bahasha. Ni adapta yenye rezista ndani, yaani kidude kinachopinga umeme, inayokaa baina ya amplifaya na hedifoni. Chukua hedifoni za Sennheiser HD 600, ambazo huandikwa omu 300. Kwenye besi, karibu na hezi 100, upinzani wake hupanda hadi karibu 500. Tia rezista ya omu 100 njiani. Penye 300, hedifoni hupata robo tatu ya volti. Penye 500, hupata tano kwa sita. Besi imepanda karibu desibeli 1 kuliko sauti nyingine, na hiyo sikio zima huisikia: watasema sauti imekuwa nene, ina joto. Amplifaya nyingi za valvu zisizo na transfoma ya kutolea zina upinzani wa namna hiyo ndani yake tayari, na sehemu ya ule utamu unaosifiwa kuwa wa valvu ni hesabu hii tu. Hedifoni za omu 32 kwenye amplifaya hiyo hiyo hupata chini ya robo ya volti, zikadhoofika. Hapo pete haina msaada, badilisha hedifoni.

Simu nayo isisahauliwe. Ule mlio wa tiki-tiki-tiki unaotangulia ujumbe wa M-Pesa ni mapigo ya mtandao wa 2G, 217 kwa sekunde, yanayoingia moja kwa moja kwenye gridi. Koti la chuma linalovishwa valvu ndogo na kuunganishwa na bodi huyapunguza. Simu kuiweka chumba cha pili huyamaliza.

Anayetaka kujua kama pete yake inafanya kazi wakati wa muziki, si wakati wa kugonga penseli, ana tatizo la muda. Kuvisha pete ni lazima valvu ipoe, kisha iwake tena hadi itulie, na kumbukumbu ya sikio kwa tofauti ndogo haidumu muda huo. Njia nyepesi ni kurekodi: wimbo mmoja, kiwango kilekile cha sauti, mara moja na pete na mara moja bila, kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kifaa cha kurekodia cha kompyuta. Hakikisha sauti zinalingana, kwa sababu iliyo kubwa hata kwa sehemu ya desibeli huonekana tamu zaidi. Halafu mpe ndugu yako akuchezee mara 10 bila kukuambia ipi ni ipi, nawe uandike. Mwenye kubahatisha tu hupata 9 au zaidi mara 11 kati ya 1,024, yaani asilimia 1 hivi. Ukipata 5 au 6, pete iuze. Ukipata 9, nipigie nije nisikilize, kisha tutafute nini kinatikisa meza yako.