Si uzee unaoleta mapenzi ya habari

“Watu wakizeeka hupenda habari.” Nimeambiwa tena, safari hii na mteja aliyekwisha kuamua: tangazo la wazee liende saa moja jioni, na vijana tuwaache kwa kuwa “hawatazami TV siku hizi.” Mimi napima utazamaji hapa Mombasa, na maneno haya yamenichosha.

Chukua mtu aliyezaliwa 1955. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na ujana wake wote aliupitisha na stesheni moja tu, ile ya serikali. KTN, stesheni ya binafsi, inaingia 1990, yeye ana miaka 35. Hakuchagua habari, bali ilipofika saa moja hakukuwa na kingine. Sasa akikaa mbele ya taarifa leo, ni uzee huo au ni mazoea ya rika lake?

Kuna na majira, yaani jambo linalowapata watu wote kwa wakati mmoja. Mitambo ya analojia ilipozimwa 2015, asiyekuwa na king'amuzi alibaki na kioo cheusi, awe na miaka 9 au 90. Ukihoji watu mwezi mmoja, ukawakuta wazee kwenye taarifa, hujamwona hata mtu mmoja akibadilika. Umeona tu watu waliozaliwa nyakati mbalimbali. Hata ukipima miaka ishirini mfululizo hujanasuka, kwa sababu umri ni mwaka wa leo ukitoa mwaka wa kuzaliwa: ukishavijua viwili, cha tatu kimejifunga. Kuvitenganisha vyote vitatu, umri, rika na majira, lazima udhanie jambo. Sisi wapimaji hudhania, kisha tunachora grafu ya kupendeza.

Ninaloliamini zaidi ni saa za kuwa nyumbani, na nani kashika rimoti. Mtoto ni katuni mpaka baba arudi. Kijana mechi ataifuata kibandani. Mstaafu anashinda ndani, ndiyo maana hata Uingereza na Marekani wazee ndio wanaotazama saa nyingi zaidi. Wingi wa saa si mapenzi ya habari, jamani!

Halafu shajara, daftari ambamo mtu huandika alichotazama kila siku. Nyumba moja Majengo, bibi kajaza “habari, saa moja” siku zote saba, wino mmoja, mwandiko mmoja. Bila shaka kaijaza yote siku niliyokuja kuichukua. Na saa moja hapa kwetu iko kati ya magharibi na isha. Wanaume wengi wako msikitini, yeye yuko juu ya mswala au jikoni. Nikamuuliza tamthilia ya Kituruki ikoje. Akanisimulia mpaka nani kamlaghai nani. Kwenye shajara haimo, kwa sababu habari ndiyo jibu la heshima. Ni shajara ngapi nilizonazo za namna hiyo, siwezi kukwambia.

Mjukuu wake alikuwa kaifuata tamthilia hiyo hiyo kwenye simu, chumba cha pili. Fomu yangu inamhesabu kama asiyetazama TV, na bado hatujakubaliana kazini tumweke wapi.