Je, wajua? Kinachounga mgongo si skrubu

Mtu akiwekewa vyuma mgongoni, wengi hudhani vyuma hivyo ndivyo vitakavyombeba maisha yake yote. Sivyo. Kazi ya skrubu ni kuzituliza pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, zisicheze, kama mbao zinavyolishikilia zege mpaka likauke. Kinachozifanya pingili mbili ziwe kitu kimoja ni mfupa anaopandikiza daktari kati yake, wakati mwingine uliochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe.

Ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1911, madaktari wa upasuaji Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunga migongo ya wagonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo huko New York bila chuma chochote. Mfupa uliunga, lakini mgonjwa alilazimika kulala kitandani kwa muda mrefu. Leo wengi huinuliwa kitandani siku ya kwanza au ya pili, na hiyo ndiyo faida kubwa ya skrubu.

Skrubu hupita wapi? Kila pingili ina mwili mnene mbele na tao la mfupa nyuma, na mishipa ya fahamu hupita katikati. Mbele na nyuma huunganishwa na vishikizo viwili vifupi vya mfupa mgumu, na ndani ya hivyo ndimo daktari Mfaransa Raymond Roy-Camille alimoanza kupitisha skrubu mwaka 1963. Kiunoni, skrubu huwa na unene wa milimita 6 au 7 hivi na urefu wa 40 hadi 50. Ukuta wa kishikizo ukitoboka upande wa ndani au chini, neva iko hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya kukaza, daktari huingiza kijiti chenye ncha ya mviringo na kupapasa kuta zote za tundu, huku akitazama picha za eksirei. Kisha vichwa vya skrubu hufungwa kwenye fito za titani.

Hapo mbio kati ya mfupa na chuma zinaanza. Kila mgonjwa anapoinama, fito hupata mkazo, na chuma kinachokazwa hivyo mara maelfu hatimaye huchoka. Mfupa usipounga, skrubu huweza kulegea au kukatika, hata iwe imara vipi. Ndiyo maana madaktari husisitiza mgonjwa aache sigara: nikotini hudhoofisha uotaji wa mfupa.

Mfupa ukishaunga, mzigo huhamia kwake. Vyuma kwa kawaida huachwa humo humo, kwani kuvitoa ni upasuaji mwingine.