Fedha za mezani zitatoka mfukoni mwa nani? Kasino katika visiwa vya utalii

Mjadala wa kuhalalisha kasino katika visiwa vinavyoishi kwa utalii huanza karibu kila mara kwa swali la mapato na ajira. Ni swali la haki, lakini mbele yake liko jingine ambalo wananchi wanastahili kujibiwa kwanza: fedha zitakazoachwa mezani zitatoka mfukoni mwa nani? Mgeni akipoteza dola mia, kisiwa kimeingiza fedha ambazo hazikuwemo; mvuvi au karani wa hapo hapo akipoteza kiasi hicho hicho, hakuna kilichoingia, ila karo ya mtoto wake imehamia kwa mwenye kasino, ambaye mara nyingi hupeleka faida yake ng'ambo.

Singapore ilijiuliza hivyo mapema. Ilipoamua mwaka 2005 kuruhusu kasino mbili, iliweka sharti kwamba raia na mkazi wa kudumu alipe dola 100 za nchi hiyo ili kuingia kwa saa 24, kiwango kilichopandishwa hadi 150 mwaka 2019, ilhali mgeni huonyesha pasipoti yake na kupita bila malipo. Familia inaweza kuomba ndugu yao azuiwe mlangoni, na mashine za kutolea fedha haziruhusiwi ndani ya ukumbi. Watalii waliongezeka kutoka milioni 9.7 mwaka 2009 hadi milioni 11.6 mwaka 2010, kasino zilipofunguliwa, ingawa ni lazima tukiri kwamba mwaka huo dunia nayo ilikuwa inatoka kwenye mdororo wa uchumi.

Saipan, kisiwa kikuu cha Mariana ya Kaskazini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani, kilipita njia nyingine, na kwangu mimi hapa ndipo penye funzo zito zaidi. Wapiga kura walikataa kasino mwaka 2007 na tena 2012, lakini mwaka 2014 bunge la visiwa hivyo liliihalalisha, na kampuni moja, Imperial Pacific, ikapewa leseni ya pekee kwa ada ya dola milioni 15 kila mwaka. Katika kisiwa hicho chenye watu wapatao 43,000, madau ya wachezaji matajiri yalitajwa kufikia dola bilioni 32 mwaka 2016. Takwimu hiyo iliwalevya wengi. Lakini madau yanayozunguka mezani si mapato, na wengi wa wachezaji hao walicheza kwa mkopo ambao baadaye ulikuwa mgumu kuudai. Jengo la kifahari la kasino na hoteli lililoinuliwa Garapan, eneo la kisiwa hicho lililo karibu na ufuo, lilijengwa na vibarua kutoka China, na mwaka 2018 wakandarasi walikubali kulipa dola milioni 13.9 kwa wafanyakazi wapatao 2,400 waliopunjwa ujira. Kasino ilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na haikufunguliwa tena. Mwaka 2024 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na hoteli ya jengo lile haikuwahi kukamilika.

Kwa hiyo mwananchi anayeletewa muswada wa kasino asianzie kwenye ukurasa wa mapato. Atafute kwanza ni nani ataruhusiwa kuingia na kwa masharti gani, nani ataruhusiwa kumkopesha mchezaji, na bodi ya usimamizi italipwa na nani. Huko Saipan, bodi iliendeshwa kwa ada ya dola milioni 3 kwa mwaka kutoka kwa kasino ile ile iliyopaswa kuisimamia, na ada hiyo ilipokoma kulipwa, bodi nayo ikakosa fedha za kujiendesha.