Mnyaa si kaktasi

Hapa Malindi kila mmea mnene wenye miiba au usio na majani ya kawaida siku hizi unaitwa kaktasi. Mnyaa wa ua, kaktasi. Mshubiri wa kwenye chungu, kaktasi. Wauza miche wanasema hivyo, na wateja wanapokea.

Kaktasi ni mmea wa familia ya Cactaceae, basi. Kitambulisho chake si mwiba, ni kidoa. Litazame bapa la mpungate kwa karibu: limejaa vidoa vilivyopangika, kila kimoja na manyoya yake. Hapo ndipo inapotoka miiba, na vile vimiiba kama nywele vinavyoganda kidoleni, na hata maua. Kila kaktasi ina vidoa hivyo. Mnyaa hauna. Mnyaa ukiuvunja unachuruzika utomvu mweupe kama maziwa, kwa sababu ni ndugu wa muhogo na mbarika. Mshubiri nao uko karibu zaidi na kitunguu. Ukame ndio uliozifananisha jamaa hizi. Damu yao ni mbalimbali.

Jina lenyewe lina safari ndefu. Wagiriki wa kale waliita kaktos mmea fulani wa miiba wa kwao, karne nyingi kabla Mzungu yeyote hajaona kaktasi, maana asili ya hizi ni bara la Amerika. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akazikusanya zote alizozijua katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zenye undugu wa karibu, akaiita Cactus. Mwaka uliofuata Philip Miller, mtunza bustani wa Uingereza, akazitenga tena: Opuntia, ambamo umo mpungate wetu, Cereus, Pereskia. Leo familia ina spishi zaidi ya 1,400, na hakuna hata moja ambayo jenasi yake ni Cactus. Wataalamu waliliweka kando jina hilo.

Pereskia ina majani kama mti wowote, na ni kaktasi. Rhipsalis baccifera huning'inia mitini kama kamba laini, na ndiyo kaktasi pekee inayoota Afrika bila kuletwa na mtu. Mwenye kutafuta miiba tu ataipita asiijue.

Kwa hivyo ndugu yangu muuza miche, mpungate uuze kama kaktasi, ni haki yake. Mnyaa uuze kwa jina lake, na umwambie mnunuzi akiukata asijipanguse macho kabla hajanawa, maana utomvu ule unaunguza.