Kahawa Yetu: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Hapa Moshi kahawa ni maisha ya watu. Bodi ya Kahawa iko mjini, mnada unafanyika hapa hapa, na jioni vijiweni watu wanateremshia kashata kwa kahawa chungu. Ndiyo maana inaniuma kusikia historia yake ikisimuliwa kombo, tena na sisi wenyewe.

"Kahawa asili yake ni Uarabuni."
Hapana. Arabika, aina moja ya kahawa, ni mmea wa misitu ya milimani, kusini-magharibi mwa Ethiopia, na hadi leo mibuni inajiotea yenyewe huko chini ya miti mikubwa. Yemeni ina sifa yake nyingine, wala si ndogo: katika karne ya 15 masufi wa huko, Waislamu wa njia ya kiroho, walikunywa kahawa ili wakeshe kwenye ibada, na bandari ya Mokha ndiyo iliyoifikisha mbali.

"Iligunduliwa na mchungaji aliyeona mbuzi wake wakirukaruka."
Hadithi tamu, ila haionekani kwenye maandishi kabla ya mwaka 1671, ilipochapishwa Roma. Wakati huo kahawa ilikuwa imeshanywewa Yemeni kwa takriban miaka mia mbili.

"Wazungu ndio waliotufundisha kahawa."
Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Wahaya wa Bukoba walikuwa na robusta yao, aina nyingine ya kahawa, muda mrefu kabla ya mkoloni. Hawakuinywa; walichuma buni, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, kisha wakaitafuna. Mgeni akifika, anakaribishwa kwa buni. Na watu wawili wakichanjia udugu, ilitumika tunda moja la kahawa: ukilipasua unakuta mbegu mbili zimelaliana, tumbo kwa tumbo. Kila mmoja alimeza mbegu moja iliyopakwa damu ya mwenzake. Jamii iliyofikia hapo haikuwa ikisubiri mtu aje kuitambulisha kwa kahawa.

Kilichokuja na wageni ni arabika ya huku kwetu, na hapo tena wapo wanaokosea upande wa pili, wakidhani mbuni ni mti wa asili wa Mlima Kilimanjaro. Wafaransa waliichukua Yemeni mwanzoni mwa karne ya 18 wakaipanda kisiwa cha Réunion, ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon. Kutoka Réunion wakaja mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1890 mibuni ikapandwa kwenye misheni ya Kilema. Mmea wa Afrika ulivuka bahari, ukazunguka visiwani, ukarudi Afrika kupitia pwani yetu.

"Walowezi ndio walioijenga kahawa ya Kilimanjaro."
Walikuwa na mashamba makubwa, hilo kweli, Moshi na Arusha. Lakini wengi wao walipinga Mwafrika kulima kahawa, kwa madai kwamba ataeneza magonjwa ya mimea. Ushindani pia hawakuutaka. Wachaga hawakuacha. Walipanda mibuni kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao, chini ya kivuli cha migomba, wakitumia mifereji na samadi ya ng'ombe wa zizini. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), ushirika unaoendelea kuuza kahawa ya wakulima wadogo hadi leo.